Ramadhani Isiyo na Msimu

Kila Shaabani inapokaribia kwisha, huzuka tena pendekezo kwamba Ramadhani ipangiwe tarehe moja ya kudumu katika mwaka wa jua, ili watu wajue mapema ni lini wataanza kufunga na ni lini watasherehekea Idi. Wanaolitoa huwa na nia njema, kwani ni kweli kwamba kazi, masomo na safari hupangika kwa urahisi zaidi tarehe zikijulikana. Hata hivyo silikubali, na sababu yangu ya kwanza ni haki.

Kutoka mwandamo mmoja wa mwezi hadi mwingine hupita wastani wa siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na miezi 12 hufanya mwaka wa siku 354 au 355. Ramadhani basi hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka wa jua, na huhitaji takribani miaka 33 kuipitia misimu yote. Aliyeanza kufunga akiwa na umri wa miaka 15, akijaaliwa kufika 48, atakuwa ameonja saumu ya mchana mrefu na ya mchana mfupi, ya joto na ya baridi. Mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mwingine Desemba.

Sasa tuchukulie kwamba mwezi huu umefungiwa Juni. Wakazi wa kaskazini ya mbali wangefunga saa 18 au zaidi maisha yao yote, wakati wenzao wa kusini ya mbali wangefuturu mapema kila mwaka bila kuujua uzito huo. (Walio karibu na Ikweta wasingehisi tofauti kubwa, na pengine ndiyo maana suala hili huwapita kirahisi.) Mwezi unaotembea humpa kila mmoja zamu yake. Jina lenyewe la Ramadhani linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya joto kali, lakini mwezi haukufungwa kwenye joto hilo. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi mitukufu, na Qur'ani, katika sura ya 9 aya ya 37, ikaikemea.

Kuna pia mabishano ya mwandamo, ambayo wengi huyaona kuwa aibu. Mtume aliagiza watu wafunge kwa kuuona mwezi na wafungue kwa kuuona, na wingu likiuficha wakamilishe siku 30 za Shaabani. Katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa hadithi, imepokewa kwamba mtu aitwaye Kuraib aliuona mwezi akiwa Sham (eneo la Syria ya leo) usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha akafika Madina na kukuta watu wa huko wameuona usiku uliofuata. Alipomuuliza Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kama haitoshi kufuata mwandamo wa Muawiya, mtawala aliyekuwa Sham, alijibiwa kwamba haitoshi. Hakuna aliyemwita mwenzake mpotevu. Mimi naona hesabu za falaki zina faida kubwa, hasa kwa kukataa ushahidi wa mtu anayedai ameuona mwezi uliokwisha kutua kabla ya jua. Ila zikitumiwa kuwadhihaki wanaotazama kwa macho, saumu yenyewe inaharibika kabla haijaanza.

Kwani saumu, iliyofaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, imewekewa lengo lake katika aya ile ile iliyoiamrisha: watu wapate kuwa wachamungu. Njaa ni njia tu. Mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na aya inaeleza wazi kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia watu mepesi, wala hawatakii mazito. Uchamungu huo, kwa maoni yangu, huanza jioni ya tarehe 29 Shaabani, pale mtu anapokuwa amekwisha kujiandaa na bado hajui kama kesho atakula au atafunga. Mwenye pupa naye hana njia ya mkato, kwa kuwa Mtume alikataza kuitangulia Ramadhani kwa kufunga siku moja au mbili, isipokuwa kwa mtu ambaye siku hizo zimeangukia saumu aliyoizoea.