Kilio cha Tatu Ndicho Kilichopigiwa Makofi

Kwa kuwa Mheshimiwa Mratibu wa kile kikao cha video ameshaisambaza simulizi ya kwake, kwamba nilichelewa na nikatokea mbele ya ukumbi nimevaa taulo tu, kwenye makundi kadhaa, likiwemo kundi la familia ambalo hata sijui nani alimwingiza, naomba na mimi nisikilizwe. Sikuvaa taulo tu. Taulo lilikuwa kichwani. Mwilini nilikuwa na gauni la kulalia, lenye mikono, linalovuka magoti. Hilo liandikwe kwenye kumbukumbu kabla hatujaendelea.

Jingine, sikuchelewa. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimewahi mno, na balaa lote lilianzia hapo.

Mnakumbuka niliwatangazia kwa mbwembwe kwamba nimealikwa kuzungumza kwa video na wadogo zetu wa chuo wanaojiandaa kwenda kusoma nje. Mada: maisha halisi ya mwanafunzi ughaibuni. Ukumbi, projekta, wageni waalikwa, na mstari wa mbele afisa wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa, yule mwenye saini inayoamua nani anakwenda na nani anabaki. Mwaliko ulisema Jumapili, saa sita mchana kwa saa za nyumbani. Nikapiga hesabu: tunapishana saa moja, kwa hiyo kwangu ni saa tano asubuhi. Nikaandika SAA TANO kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya kitanda.

Nilichosahauliwa kuambiwa ni kwamba hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Huku Ulaya niliko, usiku wa kuamkia siku hiyo, saa tisa ikigonga inarudishwa inakuwa saa nane tena. Watu wazima wenye akili zao wanafanya hivyo kila mwaka, halafu Machi wanaisogeza mbele tena. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuachana na mchezo huu, ukomo ukawa 2021, lakini nchi wanachama hazikuafikiana na saa zinaendelea kucheza. Simu ikajirekebisha yenyewe usiku, kimya kimya, bila hata kunigusa bega. Nyumbani saa haikuguswa. Tukawa tunapishana saa mbili badala ya moja, na karatasi yangu ukutani haikuwa na habari.

Nikaamka, simu inasema saa nne kasorobo. Nikamshukuru Mungu. Nina saa nzima na ushei! Nikaoga taratibu, nikaosha nywele, nikafunga taulo. Kumbe kule ukumbini wameshakaa, na mshereheshaji anasafisha koo asome wasifu wangu.

Saa nne na dakika tano nikabonyeza linki. Nilitaka kujaribu sauti tu. Kwenye skrini kukawa na kisanduku changu na kisanduku kingine kimoja, cheusi, kimeandikwa UKUMBI, na alama ya kipaza sauti kilichokatwa mstari. Nikajua ni fundi anapanga nyaya. Nikampungia mkono kwa heshima, nikamwambia, "Endelea tu kaka, mimi najaribisha." Hakujibu. Nikasema kijana mpole.

Baadaye nimeambiwa kwamba wakati nampungia fundi mkono, ukumbi mzima uliinua mikono ukanipungia.

Sasa naomba mkae vizuri.

Nilikuwa nimeweka ile picha ya nyuma ya bandia, rafu za maktaba, vitabu vyenye ngozi, mtu aone usomi. Lakini programu ile ikaliona taulo langu jeupe ikadhani ni ukuta. Ikalifuta. Kwa hiyo mimi najiona kadogo mno pale pembeni, sioni kasoro, wenzangu kwenye projekta wanaona mwanamke anayeishia kwenye nyusi, na juu ya nyusi kunaendelea vitabu. Nikigeuka kushoto, sikio linaondoka. Nikiinama, taulo linarudi lote ghafla, halafu linamezwa tena. Mratibu anasema watoto wa watu walianza kufumba macho.

Mdomoni nilikuwa na mswaki. Nikautoa, nikaushika kama kipaza sauti, nikaanza.

"Wadogo zangu wapendwa, hamjambo."

Ikatoka nyembamba. Nikairudia kwa sauti ya balozi. "Wadogo zangu wapendwaaa." Nikasema, hapana, hiyo ni ya msibani. Nikaijaribu ya tatu, nikaipenda, nikajipongeza kwa jina langu kamili.

Simu nilikuwa nimeiweka isipokee kitu, ili initunzie muda. Mratibu alikuwa anapiga. Alipiga mpaka akachoka, akaanza kuandika kwenye sehemu ya ujumbe pale chini ya skrini. Kanamba kekundu kakawa kanapanda. Nikakaona. Wallahi nilikaona. Nikadhani ni matangazo ya programu, yale ya kukushawishi ulipie.

Na hapa ndipo wengi wenu mnaniuliza: lakini ulisema nini hasa? Jamani, nilisema yote. Nina tabia ya kujielekeza kwa sauti nikiwa peke yangu, na chumba cha hosteli kinamzoesha mtu kuwa peke yake.

"Sasa tabasamu la nimeshazoea," nikajiambia. Nikalitoa. "Hapana, hilo ni la semina." Nikawaeleza vitabu vya bandia kwamba tabasamu la semina ni lile ninalolitoa darasa zima linapocheka utani wa profesa, mimi sijaelewa, nacheka nao, halafu naelewa tukiwa tumeshafika ngazini, nacheka tena mwenyewe, watu wanageuka.

"Picha ya theluji ikae muda mrefu." Ni ile niliyoruka juu, mnaijua, mliipenda wote. "Wasiulize nilitua wapi." Nilitua kitako, miguuni mwa msimamizi wa tasnifu yangu.

"Hapa kuna Lysgaard. Lysgaard tumruke."

Huyu Sverre Lysgaard ni mwanasosholojia wa Norwei. Mwaka 1955 alichapisha utafiti kuhusu Wanorwei waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6 walionekana wamejimudu, waliokaa zaidi ya miezi 18 vilevile, na waliokuwa hovyo ni wale wa katikati. Ukiichora inakuwa bonde, na tangu hapo watu wanaichora hivyo. Nilikuwa na slaidi yake nzuri kabisa. Lakini nikajiambia kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa nyuma wa ukumbi: "Wa mwanzo wanapiga picha, wa mwisho wameshakuwa sugu, wa katikati ndio tunaolia bafuni maji yakiwa wazi ili jirani asisikie. Mimi niko katikati. Tumruke, atawatisha, na yule wa ofisi ya kimataifa atanuna."

Yule wa ofisi ya kimataifa alikuwa mita chache kutoka kwenye skrini yenye ukubwa wa ukuta.

Tunafika kwenye vilio. (Wewe unayecheka hapo na bado hujanirudishia pesa yangu, nakuona.)

Hotuba yangu ilikuwa na sehemu ya simanzi. Kila hotuba ya aliyesoma nje inayo: usiku wa kwanza, chumba kigeni, begi halijafunguliwa, mtu kakaa ukingoni mwa kitanda. Hiyo ilitokea kweli, sikuizusha. Ila kilio cha usiku ule kilikuwa cha makamasi, hakifai mbele za watu, kwa hiyo ilibidi nikitengeneze upya.

Kilio cha kwanza kikatoka kidogo mno. Nilijiona pale pembeni, nikafanana na mtu anayetaka kupiga chafya ikakataa.

Cha pili nikakitia nguvu. Jirani akagonga ukuta. Nikamjibu, "Samahani, ni mazoezi!" Nikarudi kwenye kamera nikasema, "Kikubwa mno, watadhani nimefiwa."

Cha tatu ndugu zangu nilikipanga. Nikageuza uso kidogo, kwa sababu upande wangu wa kulia una huruma zaidi. Nikaweka mkono kifuani, mswaki ungali mkononi, povu likaanza kushuka kwenye kifundo. Sikulifuta, nisiharibu mtiririko. Nikaangalia juu kidogo, kama mtu anayezuia chozi lisidondoke. Nikavuta pumzi. Nikaiacha midomo itetemeke, wa chini kwanza, halafu wa juu. Chozi likaja! La kweli, nadhani ni dawa ya meno ilikuwa imepanda puani, lakini chozi ni chozi. Nikalisubiri lifike katikati ya shavu, kisha nikasema polepole, "Mama... usiwe na wasiwasi. Mwanao atashinda."

Nikainamisha kichwa. Taulo likarudi lote kwenye skrini.

Nikahesabu kimyakimya, moja, mbili, tatu. Kisha nikainua uso nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, kavu, ya mtu anayepanga ratiba: "Hapa wapige makofi."

Wakapiga.

Kumbe fundi ndiyo kwanza alikuwa amepata namna ya kufungua kipaza sauti cha ukumbi ili anitahadharishe, na alichofungulia ni watu zaidi ya mia wakipiga makofi, miluzi, na mtu mmoja anayelia kwa kicheko kama amebanwa mlango. Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Sijui kwa nini. Nyuma kulikuwa na kitanda. Nikaangalia simu, nikaangalia karatasi ya SAA TANO ukutani, nikaangalia skrini. Kisanduku cheusi hakikuwa cheusi tena. Kulikuwa na safu za viti, na kila kiti kina meno. Mstari wa mbele afisa kavua miwani, anaifuta kwa tai.

Mshereheshaji akasema kwa adabu zake zote, "Dada, karibu sana. Tunakusikia vizuri. Tumekusikia tangu kwenye mswaki."

Nilichofanya baada ya hapo hakina maelezo. Nilifunga kompyuta kwa kiganja, nikasimama, nikajikwaa kwenye begi, nikakaa sakafuni, jirani akagonga tena. Nikairudisha simu ipokee, Mratibu akanipata akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Rudi bwana, wanakuhitaji." Nikarudi. Taulo sikulivua, kwani nywele za chini yake zilikuwa na hali mbaya kuliko aibu.

Hotuba sikuisoma. Wakaanza kuuliza, na swali la kwanza likatoka kwa kijana wa nyuma kabisa: "Dada, shikamoo. Huyo Lysgaard uliyemruka, naomba umrudie." Nikamrudia, na bonde lake lote. Binti mmoja akauliza kama bafuni ni lazima kufungua maji. Mwingine akataka kujua masomo anayofaulu kule yatahesabiwa akirudi. Nikamwambia apate makubaliano ya kozi kwa maandishi, yenye saini za pande zote mbili, kabla hajapanda ndege. Mfumo wa Ulaya unahesabu krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, 60 kwa mwaka mzima wa masomo, na krediti isiyo na saini inaweza kurudi nyumbani ikawa mapambo. Hilo nalo lilikuwa kwenye orodha ya kuruka. Afisa akaandika kitu.

Nikanogewa, nikawapa na la Erasmus ambalo nilikuwa nimelikata kwa hofu ya wageni waalikwa. Programu ya kubadilishana wanafunzi Ulaya ilianza 1987 na wanafunzi 3,244, na jina lake linamuenzi mwanazuoni Desiderius Erasmus wa Rotterdam. Mzee huyo alikwenda kusoma Paris mwaka 1495, na aliyokuja kuyaandika baadaye juu ya bweni lake ni mayai yaliyooza na mvinyo uliochacha, mpaka akaondoka mgonjwa. Kwa hiyo maelfu ya vijana wanaosafiri wakiwa na tabasamu la brosha wamepewa jina la mwanafunzi aliyelalamika kuliko sisi sote. Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikacheka pamoja na watu, si baada yao.

Sasa msinifanye shujaa. Jioni yake nilifunika uso kwa mto. Kipande cha kilio cha tatu kimekatwa, kimewekewa muziki, na binamu yangu anakitumia akiomba hela kwa baba yake. Jirani ameniachia ujumbe mlangoni akinitakia heri kwenye majaribio ya uigizaji.

Na juzi imeingia barua kutoka ile ofisi. Kumbe kikao chote kilirekodiwa. Wanaomba ridhaa yangu rekodi ionyeshwe kwa kila kundi jipya linalojiandaa kuondoka, kuanzia ninapogeukia upande wa kulia. Nimewajibu kwamba nakubali, kwa sharti moja tu: wakate sehemu zenye taulo. Wameandika kwa heshima kubwa kwamba wamejaribu, na zilizobaki ni sekunde nne, ambazo ni za vitabu vya bandia.