Forthwith na Tarehe Nne

Mimi na mwenye nyumba wangu tumesalimiana miaka mitatu kwa Kiswahili kitupu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, maji yametoka?" Sasa kodi ikachelewa kidogo (miezi miwili, tusikuze mambo), akaniletea barua ya wakili. Ya Kiingereza! Muhuri mwekundu, na ndani naambiwa nihame "forthwith".

Kiingereza niliachana nacho kidato cha nne, hatujatafutana tena. Nikalikodolea macho lile neno. Mbele nikaona kama "fourth". Nne! Kumbe nimepewa hadi tarehe nne. Siku hiyo ilikuwa tarehe 26, basi nikaenda kununua gunia zima la mkaa.

Asubuhi ya tarehe 27, dalali huyo mlangoni na mzee mwenye nyumba na mteja, mteja anapima dirisha langu kwa ajili ya pazia.

"Mzee, mbona leo si tarehe nne?"

"Nne ya nini?"

Nikampa barua. Akavaa miwani, akasoma, akavua. "Hata mimi sijui. Kaandika wakili."

Ikabidi aitwe binti wa jirani, yuko sekondari. Akabofya simu: "Mara moja, bila kuchelewa."

Herufi tisa za kusema "mara"! Mke wangu naye, badala ya kunitetea, akaleta Biblia ya Kiingereza, ile ya Mfalme James ya 1611. Marko 1:29, Yesu na wanafunzi wake walitoka katika sinagogi "forthwith" wakaingia nyumbani kwa Simoni. Ya Kiswahili imeandika "mara" tu, kazi imekwisha. Halafu wale walikuwa na Simoni wa kuwapokea. Mimi nina gunia la mkaa.

Na sheria ilishabadilishwa tangu 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu Tanzania. Wakili wa mzee sijui alikuwa safari gani.

Jioni shemeji yangu, karani wa siku nyingi, akanipoza. Eti majaji wa Uingereza wenyewe walishasema "forthwith" si lazima iwe dakika hiyohiyo. Ni mapema kadiri inavyowezekana, kwa kuangalia mazingira. Mazingira yangu yanajulikana mtaa mzima.

Nikachukua karatasi, nikamjibu mzee: "Kodi nitaleta forthwith."

Akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Haya. Nakusubiri tarehe nne."