Msiseme tena "alikuwa karani tu"

Majuzi tulimzika mzee mmoja kule Mafinga. Aliondoka na kombania yake ya jeshi kwenda vitani Kagera, wakaingia Uganda, akarudi 1979. Msemaji wa familia, tena kwa nia njema kabisa, akasema marehemu hakupigana, "alikuwa karani tu". Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikereka mno, na kwa kuwa msibani si mahali pa kubishana, nayasema hapa.

Karani wa kombania vitani ndiye anayejua kila asubuhi nani yupo, nani kajeruhiwa, nani hajarudi kutoka doria. Hesabu yake ndiyo inayoleta chakula na risasi za kesho. Anashika namba ya jeshi ya kila askari, maana ukichukua vijana wa Makete tu utapata kina Sanga watatu kwenye kombania moja, na namba ikikosewa, mama analetewa msiba wa mtoto aliye hai. Anaandika jina la mrithi. Askari akifa, anaandika siku, mahali, na alipozikwa, kisha nakala inarudishwa nyuma upesi, isije ikateketea pamoja na kikosi. Anayafanya hayo mvuani, daftari likiwa juu ya sanduku la risasi, na bunduki yake iko begani.

Haya, aliyetangulia mbele alikutana na risasi nyingi zaidi. Na daftari likiangukia kwa adui ni balaa. Hayo nayakubali.

Lakini sisi wa Nyanda za Juu tunajua vita bila daftari vilituachia nini. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalipanda kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), yakachukua Tukuyu, Julai yakapigana na Wajerumani Malangali, na mwishoni mwa Agosti yakaingia Iringa. Reli haikuwepo. Unga na risasi vilivuka milima hii juu ya vichwa vya wapagazi, upande wa Mwingereza na upande wa Mjerumani vilevile. Kuhara damu, malaria, baridi na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi. Nenda makaburi ya vita pale Iringa mjini usome mawe: afisa wa Kizungu ana jina lake na cheo chake. Babu zetu waliombebea chakula wamelala wapi? Nani alikuwa na orodha yao?

Na msiniambie ilikuwa bahati mbaya ya vita. Mwaka 1922 Byatt, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka, na hakupenda hata kufikiria idadi ya waliokufa. Mwaka 1927 ikasimamishwa Dar es Salaam ile Sanamu ya Askari, yenye maandishi ya kuwaahidi waliokufa kwamba watoto wao watakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa pale! Mtoto wa mpagazi wa Lupembe alikumbushwa na nani? Ilipofika 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa katika vita vile wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waliomba radhi. Radhi ni sawa, ila majina yenyewe mengi hayapatikani tena, kwa sababu siku ile alipoanguka mtu njiani, hakuna aliyesimama na kalamu.

Mzee wetu wa Mafinga alisimama na kalamu. Wajane waliokwenda kudai mirathi baada ya vita vya Kagera walihitaji mstari mmoja ulioandikwa na mtu kama yeye.

Waliokwenda Uganda bado wapo Mufindi, Njombe, Rungwe, ila wanazeeka. Kaeni nao sasa, muandike namba, kikosi, nani alianguka karibu yao na alizikwa wapi. Kama kijijini kwenu yupo aliyekuwa karani, anzeni na huyo, maana alikuwa akiyaita majina ya kombania nzima kila asubuhi.