Umeme Tunao, Nguvu Ndiyo Hatuna

Juzi nikiwa likizo kijijini, redio ikarudia ile hesabu tunayoijua wote: vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Mama akacheka hadi kanga ikamdondoka. Alikuwa ndio kwanza anarudi mashineni na ndoo yake ya mahindi, mahindi yakiwa bado mahindi.

"Umeme mdogo," akasema, akaitua ndoo.

Nikaenda kujionea. Akina mama wamekaa juu ya ndoo zao. Mzee wa mashine akawasha, mota ikaguna, mkanda ukatetemeka bila kuzunguka, akazima haraka. Mwaka jana alikaidi, koili zikaungua. Fundi akachomeka mita yake: volti 172. Inatakiwa 230.

"Rudini saa tano usiku, wenye TV wakishalala," mzee akasema, kama anayetangaza ratiba ya basi.

Sawa, REA, wakala wa nishati vijijini, wamehangaika, hilo siwanyimi. Kuunganishiwa kwa shilingi 27,000, nani angeota? Ila tumeshangilia nguzo tukasahau kinachozilisha. Laini yetu ya kilovolti 33 inaanzia kituo cha kupoza umeme, yaani cha kushusha msongo (volti) wake, kilicho zaidi ya kilomita mia kutoka hapa, kila kijiji njiani kinachota chake, na waya wenyewe unakula. Transfoma ya kijijini haina ujanja, inagawa ilichopewa: zikiingia volti 33,000 unapata 230 nyumbani, zikifika kama 24,700 unapata hiyo 172 ya kuunguza mota.

Kituo kikiwa karibu, umeme unasafiri safari ndefu ukiwa na msongo wa kilovolti 132 au 220, hasara inakuwa ndogo, unakuja kupozwa mlangoni kwa mlaji. Transfoma kubwa ya pale inarekebishwa kufuata mzigo. Halafu laini zinatawanyika, kila moja na kikata umeme chake. Kwetu sisi tawi la mwembe likigusa waya kijiji cha tatu, tarafa nzima giza, na jamaa mmoja wa pikipiki anakagua nguzo kwa nguzo hadi alione hilo tawi!

Waulizeni watu wa Songea, walioishi na jenereta za dizeli mpaka laini ya kilovolti 220 ilipofika kutoka Makambako, na vituo vyake Madaba na Songea.

Kujenga kituo ni ghali, najua. Tena kituo hakina picha nzuri: uzio, kokoto, na mvumo kama wa nyuki. Bibi anayewasha balbu ya kwanza anapendeza zaidi gazetini. Lakini msituambie tena habari za megawati. Bwawa la Nyerere lina 2,115. Zinapita wapi kuja huku?

Saa tano na nusu usiku nikaibeba ndoo ya mama. Mbele yetu kulikuwa na watu kumi na wanne. Tulirudi na unga saa nane, mama akisinzia huku anatembea.