Mlio Uliokuwa Ukiogopa Gereji

Ninamiliki Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, ambayo kwenye kadi imeandikwa kuwa ni ya rangi ya fedha, ingawa kwa sasa jambo hilo ni gumu kulithibitisha kwa macho. Kitu pekee kinachong'aa katika gari hilo ni vifuniko vinne vya plastiki vya magurudumu, nilivyovinunua vipya kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kimoja cha zamani kupotea katika gereji ambayo sijarudi tena. Tangu siku hiyo nilijiwekea taratibu mbili nilizoziona za busara sana. Kwanza, kila kifuniko nilikifunga kwenye rimu kwa vile vifungo vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, ambavyo vikishapita kwenye kitundu chao havirudi nyuma. Pili, kila nilipolipeleka gari kwa fundi, nilivikata vifungo hivyo alfajiri na kuviacha vifuniko vyangu uvunguni mwa kitanda, kisha jioni nikavirudisha na kuvifunga upya. Mke wangu alisema kuwa hajawahi kuona mtu anayevua viatu vya gari.

Mlio ulianza wakati wa masika. Nilikuwa ninatoka Kimara kuelekea Ubungo, foleni ikitembea kwa mwendo wa jongoo, ndipo nikausikia upande wa kushoto, mbele: tak, tak, tak. Nikiongeza mwendo nao unaongeza, na nikifika kilomita 50 kwa saa zile tak zinakaribia kushikana, kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa. Nilifanya uchunguzi wa kisomi. Kwenye mteremko niliweka gia huru, mlio ukaendelea, nikajua kwamba injini haihusiki. Nilikanyaga breki taratibu, haukubadilika. Nilikata kona kulia na kushoto, hali ikawa ileile. Kwa hiyo kilichokuwa kikilia kilikuwa kinazunguka pamoja na gurudumu, na hapo, lazima niseme, nilikuwa sahihi kabisa. Mke wangu alikuwa na tiba yake mwenyewe, nayo ilikuwa ni kuongeza sauti ya redio.

Jumamosi nilikata vifungo, nikaficha vifuniko, nikaenda kwa fundi. Njiani gari lilikuwa kimya. Fundi aliliendesha, akazungusha usukani hadi mwisho, akapiga duara tatu kwenye uwanja wa vumbi huku ameinamisha kichwa nje ya dirisha, lakini hakusikia kitu.

"Mwalimu, hebu ulie wewe tusikie," aliniambia.

Mimi, mtu mzima ninayefundisha jiografia kidato cha tatu, nilisimama mbele ya vijana wanne wenye grisi hadi viwikoni nikalia tak-tak-tak. Mmoja wao alinikatiza kwa heshima zote na kuniuliza kama nina hakika ni tak na si tik, kwa sababu tik huenda ikawa jiwe lililokwama kwenye kashata za tairi, ilhali tak ni sivii jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Nilijaribu zote mbili. Nilizirudia kwa mwendo wa pole na kwa mwendo wa kasi. Mwishowe, kwa kuwa sikutaka kuonekana mtu asiyelijua gari lake, nikatamka kwa uthabiti kwamba ni tak.

Tak hiyo ilinigharimu shilingi 110,000: jointi 85,000 na ufundi 25,000. Nikumbushe tu kwamba sivii jointi mara nyingi hufa baada ya mpira wake kuchanika, grisi ikamwagika na mchanga ukaingia, na kwamba dalili ya kuijua ni ile tak inayosikika gari linapokata kona kali. Mpira wa kwangu ulikuwa mzima, na tak yangu haikubagua kona na njia iliyonyooka. Hayo mawili yangetosha kutuzindua sote, lakini fundi alikuwa na spana mkononi na mimi nilikuwa na pesa mfukoni, na vitu hivyo viwili vikikutana, mazungumzo huwa mafupi.

Nilirudi nyumbani kimya kimya, nikiwa nimefurahi. Jioni nilirudisha vifuniko, nikavifunga kwa umakini. Jumatatu asubuhi, kabla sijafika barabara ya lami, nikasikia tak, tak, tak. Safari hii ulikuwa upande wa kulia.

Fundi hakutikisika hata kidogo. "Si unaona, Mwalimu? Ya kushoto tumeshaiponya. Zilizeeka pamoja, sasa mwenzake naye anaomba." Mantiki hiyo haikuwa na tundu. Nikakata vifungo, nikaficha vifuniko, nikalipa 110,000 nyingine.

Jumatatu iliyofuata gari lililia pande zote mbili.

Nilikuwa nimesikia kwamba mlio wa gurudumu husikika vizuri zaidi ukiendesha karibu na ukuta huku madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa ukuta huurudisha. Basi jioni hiyo nikachagua ukuta mrefu wa ghala moja njia ya Mbezi, nikaanza kupita kandokando yake polepole, shingo nje, nikigeuza na kurudi. Niliporudi mara ya tano nilimkuta mlinzi amesimama katikati ya njia na rungu lake, akitaka kujua ninachokipima hapo. Nilimweleza. Hakuniamini, akaniamuru nipite tena yeye akiwa anaangalia. Nikapita. Akachuchumaa.

"Mzee, simama. Hii mikia umeiacha ya nini?"

Nilishuka. Hapo ndipo nilipoviona vifungo vyangu kwa upande wa ndani kwa mara ya kwanza. Kwa sababu za umaridadi, vichwa vyake nilikuwa nimevielekeza ndani ya rimu ili visionekane, na mikia yake sikuikata, nikidhani kwamba siku kimoja kikilegea nitaweza kukivuta tena. Kila upande wa mbele, mkia mmoja, mrefu kama kidole cha kati, ulikuwa umechomoza kwa ndani ukiigusa kalipa ya breki, kile chuma kinachobana diski na ambacho hakizunguki na gurudumu, na ncha yake ilikuwa imesagika ikawa nyeupe kama mswaki uliokwisha. Kila tairi lilipomaliza mzunguko, mkia uliipiga kalipa. Upande gani ungelia ilitegemea tu jinsi nilivyovifunga jioni ile. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na mikia vilevile, ila yana breki za dramu, kwa hiyo hayakuwa na kalipa ya kupigwa.

Mlinzi alichomoa kikata kucha kwenye shada lake la funguo. Tik, upande wa kushoto. Tik, upande wa kulia. Nikapita tena kando ya ukuta, na sikusikia kitu zaidi ya tairi na kokoto.

Aliomba elfu mbili ya soda, nikampa tano. Kisha nilimfungulia buti nikamwonyesha zile jointi mbili za zamani, ambazo fundi alinirudishia kama ushahidi. Alizizungusha moja baada ya nyingine, akaitega sikioni kama mtu anayechagua nazi.

"Mbona hizi nzima, mzee?"

Sasa hivi zimekaa uvunguni mwa kitanda, mahali pa vifuniko, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili vile vyuma vyenye grisi ni vya nini.