Sikufumaniwa, Ilikuwa Kobe

Jamani, kabla hamjaendelea kunirushia hizo stika: sikufumaniwa. Jirani yangu wa chumba cha tatu, ambaye nilidhani ni mshkaji, ameshasambaza Mwananyamala nzima stori yenye mama mwenye nyumba, taulo na saa tisa usiku. Vyote vitatu ni kweli. Alichoruka ni moto.

Chanzo ni kobe. Ninyi wa simu kubwa hamumjui: ile chaja unayoibania betri iliyochomolewa kwenye simu, taa zinawaka nyekundu, kijani, bluu, kama ukumbi wa harusi. Nilimnunua Kariakoo. Jamaa kasema 3,000, nikamwambia punguza, akapunguza hadi 2,500. Sasa najua alipunguza nini.

Betri ya kitochi changu ilikuwa imevimba. Nilijua. Ukiilaza mezani na kuizungusha, inazunguka kama pia, na mimi nilikuwa nawaonyesha wageni. Kobe ana pini mbili, soketi ina matundu matatu, kwa hiyo unachokonoa tundu la juu kwa peni ndiyo anaingia. Msijifanye hamjui. Nikamweka kwenye stuli ya plastiki, ubavuni mwa mto. Umeme ukakatika, nikalala zangu.

Umeme ulirudi saa ngapi, muulizeni kobe.

Kwanza ilikuja harufu. Tamu, kama ya kutoa rangi ya kucha. Nikaota niko saluni. Kisha tsssss, kama tone la maji kwenye kikaango. Nikafungua jicho moja: kobe kajikunja, anatoa moshi, na ncha ya foronya inawaka taratibu bila haraka yoyote.

Nikavuta taulo, nikabeba ndoo ya maji ya kuogea, nikainua. Hapo ndipo akili ikaja: umeme ule ni volti 230, na wewe unataka kuumwagia maji. Kuchomoa? Plastiki inadondoka kama nta. Swichi ya soketi? Iliganda tangu mwaka jana. Mein swichi? Koridoni kwa mama mwenye nyumba, ndani ya mlango wake.

Nikakimbia. Na ndoo. Usiniulize.

Nikagonga kwa kiwiko. "Mama! Fungua!"

"Nani?"

"Mpangaji wako!"

"Kodi si tulisema tarehe tano?"

"Mama, kunawaka huku!"

"Kunawaka wapi, mwanangu?"

Taulo sikuwa nimelifunga, nilikuwa nimelizungushia tu. Likaanza kushuka. Mikono yote miwili iko kwenye ndoo. Nikabana mapaja, likapita. Nikabana magoti, likatulia kidogo kama linafikiria, nikamshukuru Mungu, likapita. Mlango ukafunguka. Na nyuma yangu tochi za simu za wapangaji wote zikawaka kwa mpigo, utadhani walifanya mazoezi.

Mama akatazama dari. "Astaghafirullah." Akapapasa ukutani bila kushusha macho, akazima mein. Yule mama ana akili kuliko sisi wote.

Mengine ni mafupi. Mchanga wa ujenzi ndoo mbili, moto kwisha. Mto umekufa, stuli ina tundu, chandarua kimepona. Zimamoto 114 hakuna aliyepiga, kila simu ilikuwa inarekodi. Asubuhi fundi akaniambia betri ile inatakiwa iishie volti 4.2, kobe wangu hana cha kumwambia basi, anasukuma tu, tena kwenye betri iliyokwisha kuvimba. Nikaitikia "ndiyo fundi" kama mtoto wa madrasa. Mama mwenye nyumba ananisalimia akiangalia miguu yake.

Jana jioni mlango ukagongwa. Msambazaji mwenyewe, kashika chaja ya pini mbili. Anaulizia ile peni.