Mita ya umeme ipangiwe ukuta kabla ya msingi

Watanzania wengi tunaoishi Marekani tunajenga nyumbani kwa simu. Tunabishana na fundi kuhusu vigae, jipsamu, rangi ya geti, hadi aina ya vitasa. Sisikii watu wakiuliza mita ya umeme itakaa ukuta gani, na kebo ya kutoka nguzoni itapita wapi. Swali hilo linaachwa hadi siku mafundi wa umeme wanapofika na ngazi yao, na hapo jibu linatolewa na kona iliyo karibu na nguzo. Nafanya kazi za umeme wa majumbani huku, na kama ningeambiwa nichague kanuni moja ya ujenzi ya kupeleka nyumbani, ningechagua inayohusu mahali umeme unapoingilia nyumba.

Huku mahali hapo panajulikana nyumba ikiwa bado mchoro. Kuna kanuni ya taifa ya umeme inayotolewa na NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto. Toleo la kwanza lilitoka 1897, na hupitiwa upya kila miaka 3. Si sheria mpaka jimbo au mji uipitishe, na juu yake kila kampuni ya umeme ina masharti yake: mita ikae kimo gani kutoka ardhini, mara nyingi kati ya futi 4 na 6, na iwe mbali kiasi gani na mita ya gesi. Waya za kutoka nguzoni zikipita kando ya dirisha linalofunguka, mlango au baraza, ziache angalau futi 3. Juu ya njia ya gari ya nyumbani ziwe futi 12, na juu ya barabara ya malori futi 18. Mbele ya boksi la swichi kuu pabaki wazi futi 3, hapawekwi friji wala kabati. Swichi kuu bafuni ni marufuku.

Mtu anaweza kuona huu ni usumbufu wa wazungu na makaratasi yao. Sivyo. Waya unaotoka kwenye transfoma hadi swichi kuu ya nyumba, kwa hapa Marekani, hauna kikata umeme cha kuulinda. Fyuzi iliyopo iko kule kwenye transfoma, nayo ni kubwa mno kwa waya huo. Waya huo ukipata hitilafu unaweza kuendelea kutoa cheche na kuwaka bila chochote kukatika. Ndiyo maana kanuni inataka waya huo ukiingia tu ndani ukutane na swichi, usizunguke darini kwanza. Hata namna unavyoshuka imefikiriwa: nyaya zinaachwa zilegee kidogo kabla ya kuingia kwenye kofia ya bomba linalozipokea juu ya paa, ili maji ya mvua yateleze hadi pale chini kabisa ya mkunjo na kudondoka nje, yasifuate waya hadi ndani ya mita.

Toleo la 2020 likaongeza jambo ninalolipenda kuliko yote. Nyumba mpya ya familia moja au mbili lazima iwe na swichi ya dharura nje, mahali pa kufikika. Kabla ya hapo zimamoto walikuwa wakifika kwenye nyumba inayoungua wanalazimika wakati mwingine kuing'oa mita ukutani ili kukata umeme, kazi ya hatari inayoweza kumlipukia mtu usoni.

Sasa fikirieni nyumba zetu: nondo madirishani, geti limefungwa, swichi kuu imo korido ya ndani. Moto ukianza wenyewe hawapo, jirani mwenye ndoo ya maji atazimia wapi umeme?

Nyumba ya ndugu yangu mmoja inaeleza mengine. Kebo ilifungwa kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kona ya kibaraza, na mita ikakaa chini yake, nje, mahali pazuri tu. Baadaye kibaraza kikazibwa, mbele zikaongezwa fremu za biashara. Leo mita iko ndani ya fremu ya mpangaji, nyuma ya rafu ya sabuni. Tokeni ikinunuliwa usiku, wenye nyumba wanasubiri mpangaji aje kufungua. Kebo nayo imelala juu ya bati jipya, na upepo ukivuma inajisugua kwenye ncha ya bati mahali ambapo mtoto akipanda kufuata mpira anaifikia kwa mkono. Hapa Marekani chumba cha kuongeza chini ya waya kinahitaji kibali, na mkaguzi hapitishi mpaka waya uhamishwe.

Simaanishi tunakili kila kitu. Mita za LUKU zinazofungwa juu ya nguzo, huku rimoti ya kuingizia zile tarakimu 20 ikikaa sebuleni, ni ufumbuzi mzuri, na zimeondoa usumbufu wa aina hiyo kwa waliozipata. Na huku kuna mzigo ambao sitaki tuurithi: bomba linalopokea waya juu ya paa kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba. Tawi likiliangusha, kampuni inakata umeme na kukuachia utafute fundi, ulipe, ukaguliwe, ndipo uunganishwe tena. Wazee wanakaa gizani kwa ajili hiyo.

Lakini kupanga mapema hakuhitaji utajiri. Nyumbani maombi ya umeme yamekuwa yakipangwa kwa umbali kutoka nguzo iliyopo: ndani ya mita 30 bila nguzo mpya, mita 70 nguzo moja, mita 120 nguzo mbili. Maana yake nguzo inajulikana iko wapi kabla hata ya kuomba. Halmashauri zingeweza kudai mchoro wa kibali cha ujenzi uonyeshe nguzo hiyo, njia ya kebo na ukuta wa mita. Na ninyi mnaotuma hela mwezi huu, msisubiri halmashauri. Mwambieni fundi aache bomba ndani ya ukuta kutoka mahali pa mita hadi swichi kuu, aweke kikata umeme cha nje kwenye boksi lisiloingia mvua, na upande huo wa kiwanja usiongezwe fremu.